Kima anayekaa kidoleni na mwani wenye seli moja

Kila baada ya miezi michache picha ile hurudi. Kijinyama cha manyoya ya kahawia na njano kimekikumbatia kidole cha mtu kama mtoto aliyeng'ang'ania nguzo ya kitanda, macho kodo, na chini yake maneno: "Nyani wa kidole, mdogo kuliko wote duniani." Safari hii iliingia kwenye kundi la ukoo wetu usiku wa Ijumaa. Shangazi akauliza wanauzwa wapi. Binamu mmoja akajibu kwamba hao wametengenezwa maabara, si wa Mungu. Mwingine akasema ndio waliobaki wadogo wakati wenzao walipogeuka kuwa watu. Na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hukaa kimya kundini, akatupa swali lake la zoezi la biolojia: "Kiumbe chenye seli moja hakiwezi kuonekana bila hadubini. Kweli au si kweli?" Yeye alikuwa ameandika "kweli". Wazee wote wakamuunga mkono, kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kima.

Jibu ni "si kweli", na ushahidi hauko mbali. Upo mwani wa kijani, tena katika mwambao wetu wenyewe, ambao kila mmoja ni seli moja na unaweza kutambaa mchangani hadi ukapita mita moja. Mnyooshe pembeni yake yule kima wa kidole, mkia na vyote, hafikii hata nusu. Kima ana mabilioni ya seli. Mwani una moja. Ajabu hiyo ndiyo inayonifanya niwaweke pamoja viumbe wawili ambao hawajawahi kukutana na hawatakutana, maana ukiwatazama kwa zamu, maneno mawili tunayoyatumia kila siku bila kuyafikiria, "kidogo" na "mmoja", yanaanza kuyumba.

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi wetu ni majina. Nyani kwa Kiswahili ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayekaa kando ya barabara kule Mikumi akisubiri ganda la ndizi. Tumbili ni yule mwepesi mwenye uso mweusi, mwizi wa mahindi. Mbega ana manyoya marefu meusi kwa meupe. Unguja tuna kima punju, mwekundu mgongoni, ambaye wageni huenda kumpiga picha Jozani. Lugha yetu imewapa kila mmoja jina lake kwa sababu tumeishi nao, lakini haikujisumbua kuwatafutia jina moja la kuwakusanya wote. Magazeti yameamua kusema "nyani" kwa kila chenye mkia na mikono. Mimi nitasema "kima", na msomaji wa bara anayesikia "kima" akafikiria mnyama mmoja tu anisamehe.

Yule wa pichani si wa kwetu. Kwao ni msitu wa Amazon upande wa magharibi, katika nchi za Brazil, Peru, Ekwado, Kolombia na Bolivia. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita marmoseti kibete. Wanasayansi humwita Cebuella. Mjerumani Johann Baptist von Spix ndiye aliyemwandika kitaalamu mwaka 1823, baada ya safari yake ya Brazil, kwa hiyo ile habari ya maabara tuiache hapo. Akiwa mtu mzima, kichwa na kiwiliwili chake ni sentimita 12 hadi 15, mkia ni mrefu kuliko mwili, na uzito wake ni kama gramu 120. Chukua kipande cha sabuni ya kuogea mkononi: ndiye huyo, mzima mzima.

Sifa ya "mdogo kuliko wote duniani" ni ya kweli ukibaki ndani ya kima. Ukitoka nje kidogo, anapigwa. Kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Rondo na katika vipande vichache vya msitu wa pwani, hata Pugu karibu na Dar es Salaam, yuko komba mdogo wa gramu kama 60, nusu ya marmoseti. Madagaska wako jamaa zake wengine wa gramu 30 hivi. Lakini komba si kima. Ni wa tawi jingine, lenye pua mbichi kama ya paka, macho ya usiku na masikio yanayokunjika. Watu huwachanganya kwa sababu wote wana mikono, na pengine kwa sababu wote wawili hawajivungi mbele ya utomvu: komba wetu hulamba gundi ya migunga na, kama mgema yeyote atakavyokuapia, hupanda mnazi kunywa tembo lisilo lake.

Marmoseti naye ni mgema, tena wa kuzaliwa. Meno yake ya chini ya mbele ni marefu na makali kama patasi. Huyakita kwenye gome la mti, akachimba kitundu, akaondoka, akarudi baadaye kulamba gundi iliyochuruzika. Mti mmoja unaopendwa na familia moja huishia kuwa na matundu mamia kwa mamia kama chujio. Wadudu hula pia, lakini gundi ndiyo ugali wake. Kwa kuwa kazi yake ni kung'ang'ania shina lililo wima, vidole vyake vina kucha zilizochongoka za kukwea, si kucha bapa kama zetu, isipokuwa kwenye kidole gumba cha mguu. Ndiyo maana kwenye picha anashika kidole cha mtu kwa bidii vile. Tunaona mahaba, yeye anatafuta gome.

Sasa tuje kwenye seli, na hapa nitakwenda polepole.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha koki kwa hadubini akaona vitundu vingi vilivyopangana, vikamkumbusha vyumba vidogo. Neno alilolichagua kwa vyumba hivyo ndilo tunaloliita leo seli. Chumba ni mfano mzuri bado. Kila chumba kina ukuta au pazia linalochagua nani aingie na nani atoke. Ndani mna shughuli: kuna jiko la nishati, kuna karakana, kuna ghala. Na katika seli za wanyama na mimea, mna kabati lililofungwa ambamo huwekwa kitabu cha maelekezo ya namna ya kujenga na kuendesha kiumbe kizima. Kabati hilo huitwa kiini, na kitabu ni vinasaba.

Mwili wa mtu una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30 na zaidi. Tukigawanya kwa uzito tu, kwa hesabu ya haraka ya dukani, marmoseti wa gramu 120 anapata makumi ya mabilioni. Yaani mdogo huyu ni jiji. Kila chumba chenye kabati jijini kina nakala yake ya kitabu kizima, lakini hakuna chumba kinachosoma kitabu chote. Msuli unasoma kurasa za msuli, ini linasoma kurasa za ini. Ndivyo kitabu kimoja kinavyotoa jicho na kucha.

Na mwani wetu? Jenasi yake ni Caulerpa. Ziko spishi nyingi, nyingine zina majani kama unyoya, nyingine zina vishada vya vipira vidogo kama zabibu mbichi. Ufilipino na Okinawa aina hiyo ya vishada huliwa ikiwa mbichi, na hulimwa kwenye mabwawa. Inapasuka mdomoni kama mayai ya samaki. Ukiiona Caulerpa imetanda mchangani maji yakiwa yamekupwa, utaapa kwamba ni mmea wa kawaida: kuna kitu kama shina kinachotambaa, chini yake vitu kama mizizi vilivyojishika kwenye mchanga, juu yake vitu kama majani. Sasa kata kwa mawazo ukaingie ndani. Utatoka kwenye "jani" ukashuka kwenye "shina" ukaenda mpaka kwenye "mzizi" bila kupita mlango hata mmoja. Hakuna vyumba. Ni ukumbi mmoja mrefu, wenye matawi, na ukuta mmoja tu, ule wa nje. Nakala za kitabu zipo nyingi mno, viini vingi sana vimetawanyika ukumbini, lakini hakuna pazia kati ya kimoja na kingine.

Kwamba seli moja inaweza kuwa kubwa si jambo geni jikoni. Vunja yai la dukani, lile la kuku asiyejua jogoo. Kile cha njano chote ni seli moja. (Kiswahili kinatuchezea hapa: tunakiita kiini cha yai, ilhali kiini cha seli hiyo ni kijidude kidogo kilichokaa juu ya ile njano.) Sehemu kubwa ya ile njano ni akiba ya chakula, kwa hiyo mtu anaweza kusema yai linadanganya, ni ghala wala si karakana. Sawa. Caulerpa haidanganyi. Inakula jua, inakua, inatambaa, inajitibu na kuzaa, yote ndani ya seli ileile.

Kwa nini basi seli nyingi ni ndogo? Fikiria muhogo. Anayetaka uive haraka huukata vipande vidogo, kwa sababu joto huingilia nje, na kipande kikubwa huwa kimeiva pembeni huku katikati bado kigumu. Seli nayo hupokea chakula na hewa kupitia nje. Ikiwa donge kubwa, katikati itakufa njaa. Marmoseti ametatua tatizo hilo kwa kukata muhogo vipande mabilioni, kisha akajenga mabomba ya damu yapeleke chakula kila mtaa na moyo wa kuyasukuma. Ni njia ya gharama. Moyo ukisimama dakika chache jiji zima limekwisha.

Mwani umetumia akili nyingine: umekuwa mwembamba. Shina lake ni unene wa kamba, majani yake ni bapa, na katikati ya ukumbi pamejaa maji. Uhai wenyewe umepakwa ukutani kama chokaa. Kwa hiyo hakuna sehemu iliyo mbali na nje. Na ile chokaa haitulii. Inatiririka, ikibeba vyakula na vile vijipande vya kijani vinavyonasa mwanga, kutoka jani hadi mzizi na kurudi. Ili ukumbi usibanwe na mawimbi, kutoka ukuta hadi ukuta pamepitishwa nguzo nyembamba nyingi, kama boriti za nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe.

Swali linalowasumbua wataalamu ni hili: kama hakuna kuta, jani linajuaje kuwa ni jani? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliikata Caulerpa taxifolia vipandevipande wakapima kurasa zipi za kitabu zinasomwa wapi. Wakakuta kwamba ncha ya jani na chini kwenye mizizi hazisomi kurasa zilezile, ingawa ni chumba kimoja na mkondo unapita. Yaani mpangilio ambao kima anaupata kwa kugawa vyumba, mwani unaupata bila kugawa. Kwa maoni yangu hili ndilo la kukaa nalo katika makala hii yote, na kama msomaji amechoka anaweza kuruka mengine. Tulidhani viungo vinahitaji seli nyingi, kwamba kwanza huja vyumba ndipo nyumba. Kumbe umbo ni kazi moja na kugawa vyumba ni kazi nyingine.

Wapo wanabiolojia wanaosema kwamba kuiita Caulerpa "seli moja" ni kulivuta neno mpaka likatike, kwamba kitu chenye viini vingi namna hiyo kingestahili jina lake. Hoja yao ina uzito. Lakini zoezi la mpwa wangu halikuwa na nafasi ya maelezo, kulikuwa na vijistari viwili tu.

Ukitoboa mfuko wa plastiki wenye maji, maji yote yanamwagika. Kiumbe kilicho ukumbi mmoja kingetegemewa kife kwa mkwaruzo wa kwanza. Caulerpa ikikatwa, vitu vilivyomo ndani hugandamana penye jeraha na kuziba tundu upesi, kama damu inavyoganda, kisha ukuta mpya hujengwa. Kipande kilichokatika nacho hufanya vivyo hivyo, huota vimizizi, na sasa iko miwili. Kuna maadui waliozoea kuwahi kabla ya tundu kuzibwa: konokono fulani wa bahari wana jino la kutobolea ukuta huo, na wakishatoboa hunyonya kilichomo ndani kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Kule Amazon kima anatoboa mti alambe utomvu, huku baharini konokono anatoboa mwani. Wagema wamejaa kila mahali.

Uwezo huo wa kipande kuwa kizima uliwahi kuleta msiba. Mwaka 1984 chini ya Makumbusho ya Bahari ya Monaco ilionekana Caulerpa taxifolia, mwani wa bahari za joto, ikiwa imeota katika eneo la kama mita moja ya mraba. Ilikuwa aina iliyofugwa kwenye matangi ya samaki wa maonyesho, iliyopitia Stuttgart nchini Ujerumani, na ilivumilia baridi kuliko ndugu zake wa porini. Profesa Alexandre Meinesz wa Chuo Kikuu cha Nice akapiga kelele, wengine wakabishana naye kuhusu ilikotoka, na mabishano yakiendelea mwani ukaendelea pia. Nanga za boti na nyavu ziliukata na kuubeba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umetanda maelfu ya hekta, Ufaransa, Italia, Uhispania hadi Kroatia, ukifunika malisho ya nyasi bahari, na una sumu inayowafanya samaki wengi wa huko wasiuguse. Baadaye ulipungua wenyewe sehemu nyingi, jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti ileile. Ulipoonekana katika wangwa karibu na San Diego, California, mwaka 2000, Wamarekani hawakubishana. Waliufunika kwa maturubai, wakapiga klorini chini yake, wakatumia zaidi ya dola milioni 7, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba umekwisha.

Msomaji wa pwani asishtuke. Huku kwetu Caulerpa ni mwenyeji, ina majirani na walaji wake, na haijateka bahari. Mgeni asiye na jamaa ndiye aliyekuwa tatizo la Mediterania.

Hapa nirudi kwenye neno "mmoja". Ule mwani wa Mediterania ulipochunguzwa, uzazi ulioonekana ulikuwa wa mbegu za kiume tu. Hapakuwa na jike. Maana yake kuenea kote kule kulitokana na kukatikakatika na kuendelea kukua. Je, ilikuwa mwani mamilioni au mwani mmoja uliolala vipandevipande kutoka nchi hadi nchi? Mkulima wa muhogo au mgomba anayachokoza maswali hayohayo kila anapochomeka kijiti au kuhamisha chipukizi, ila hana haja ya kuyajibu.

Mtu atasema huo ni ujanja wa mimea, mnyama ni mnyama, mmoja ni mmoja. Basi mtazame marmoseti tena. Jike wa jamii hiyo kwa kawaida huzaa mapacha, si wa yai moja bali wa mayai mawili, ndugu wa kawaida waliolala tumbo moja kwa wakati mmoja. Tumboni kondo zao huungana na damu yao huchanganyika. Seli zinazotengeneza damu huhamia kwa mwenzake, zikafanya makazi. Matokeo yake, marmoseti mzima akipimwa damu hukutwa na seli zenye vinasaba vyake na seli nyingine zenye vinasaba vya pacha wake. Anatembea na ndugu yake ndani ya mishipa mpaka kufa, hata kama ndugu huyo aliliwa na mwewe siku nyingi. Kwa hiyo tuna mwani ambao ni seli moja lakini haijulikani ni viumbe wangapi, na tuna kima ambaye ni kiumbe mmoja aliyetengenezwa na wawili.

Nilipolisema hili kundini, binamu wa "waliobaki wadogo" hakulijali, akarudi kwenye hoja yake: nani ameendelea zaidi? Fikra hiyo ya ngazi, kwamba chini kabisa kuna mwani, juu yake kima, juu yake mtu, inatupotosha kuliko tunavyojua. Udogo wa marmoseti si utoto wala si ubaki. Ni usasa wa aina yake, wa mnyama aliyejipunguza mpaka aweze kuishi kwa gundi ya mti mmoja.

Na ukoo hauendi kwa kufanana. Wanasayansi wakipanga undugu kwa vinasaba, nyani wa Mikumi yuko karibu zaidi na wewe unayesoma kuliko alivyo karibu na marmoseti. Kima wa Amerika walitengana na upande wetu kwanza, wa nyani na sokwe na watu, ndipo sisi tukatengana wenyewe kwa wenyewe. Nyani na marmoseti wanafanana kwa mkia; kwa nasaba ni binamu wa mbali. Kwa hiyo si kweli hata kidogo kwamba yule wa kidole ni babu aliyesahaulika. Ni kama kumwita mtoto wa binamu yako babu yako.

Mwani nao una hadithi hiyohiyo. Ule unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao akina mama wa Paje na Jambiani huufunga kwenye kamba, ni wa kundi la mwani mwekundu, hata kama mkononi unaonekana wa kijani au hudhurungi. Caulerpa ni mwani wa kijani, kundi ambalo ndimo ilimotokea mimea yote ya nchi kavu. Kwa hiyo Caulerpa ina undugu wa karibu zaidi na mnazi ulio ufukweni kuliko ilio nao na mwani wa kamba ulio mita kumi kutoka pale ilipo. Je, ni mmea? Inategemea ukuta unaupiga wapi. Haina mizizi ya kweli, maana ile ni vishikizi vya ukumbi uleule. Haina maua wala mbegu. Nyasi bahari zinazoota pamoja nayo, ambazo wavuvi wengi huzitia kapu moja na mwani, ndizo mimea kamili, zina mizizi, na huchanua maua chini ya maji. Wakati wa kuzaa kwa seli za kiume na za kike Caulerpa hufanya jambo ambalo mmea haufanyi: kila kilichomo ndani hugeuka seli hizo za uzazi, kikatolewa baharini kabla ya jua kuchomoza, na asubuhi linabaki ganda jeupe tupu.

Baina ya mwani huo na kima, undugu uko mbali kiasi cha kizunguzungu, zaidi ya miaka bilioni moja nyuma, kwa babu ambaye yeye kweli alihitaji hadubini. Kutoka kwake wote wawili wamerithi kabati la kiini, majiko ya nishati, na hati ileile ya kuandikia kitabu. Herufi za vinasaba vya kima na za mwani ni zilezile nne. Kilichoongezeka upande wa mwani ni kile kijipande cha kijani, ambacho chenyewe kilikuwa bakteria aliyemezwa zamani asiyeyeyushwa, akabaki ndani akipika sukari kwa mwanga. Kima hana. Inambidi amtafute mwenye nacho, atoboe gome lake, angoje.

Shangazi nilimjibu faragha. Marmoseti wako hatarini kwa sababu ya biashara hiyohiyo aliyoiulizia na kwa kukatwa misitu, na biashara yao kuvuka mipaka inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Kinachomuumiza zaidi mnyama ni kukaa peke yake. Porini huishi familia ya hadi tisa hivi, baba na kaka wakisaidia kubeba watoto mgongoni, wakiitana siku nzima kwa sauti nyembamba kama za ndege. Aliyeng'ang'ania kidole pichani mara nyingi ni mtoto aliyetolewa mgongoni mwa baba yake. Shangazi alituma alama ya machozi, kisha akauliza kama komba anafugika.

Mpwa wangu yeye alibadilisha jibu likawa "si kweli", na mwalimu akamkosesha. Jumapili ya bamvua tukaenda ghuba ya Chwaka na ndoo, maji yametoka hadi mbali, kutafuta ushahidi wa kupeleka darasani. Tukaupata katika dimbwi la goti, majani kama manyoya ya kijani yamesimama safu safu. Nikamwambia ahesabu ni mwani mingapi kabla hatujagusa. Akainama, akafuata shina kwa kidole: mmoja, mmoja bado, mmoja bado. Shina likazama mchangani, likaibuka hatua mbili mbele, au labda lile lilikuwa jingine. Akaniangalia, akauliza aendelee na huohuo au aanze wa pili.